Je, Wajua? Theluji ya Thornhill na Vilima Vyake Vidogo

Je, wajua kwamba Thornhill, kitongoji kilichopakana na Toronto upande wa kaskazini, kimewahi kuwa na mteremko wake wa skii? Mteremko huo ulikuwa Uplands, uwanja wa gofu uliosanifiwa na Stanley Thompson mwaka 1922, bondeni mwake ukipita mto Don. Kwa miaka mingi, nyasi zilipofunikwa na theluji, watu waliacha fimbo za gofu wakavaa skii na kuteremka palepale. Ukiendelea kusini utakuta vilima viwili vinavyoendeshwa na Jiji la Toronto: Earl Bales, kando ya Bathurst Street, na Centennial Park kule Etobicoke. Hakuna hata kimoja kinachofanana na Milima ya Alpi. Hata hivyo, ni kwenye vilima vya aina hii mtoto anajifunza kusimama, kuanguka na kuinuka, nami naviheshimu kuliko hoteli zote za kifahari za milimani.

Bathurst Street hiyohiyo, ndani ya Thornhill, ina Kituo cha Jaffari cha jumuiya ya Khoja Ithnaasheri. Familia nyingi za pale zina asili ya Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Kampala. Utabiri wa theluji wa eneo hili, basi, unasomwa pia na watu wanaozungumza Kiswahili nyumbani.

Je, wajua kwamba Thornhill haipati theluji nyingi kama wageni wanavyodhani? Toronto hupata wastani wa sentimita 120 hivi kwa mwaka. Barrie, mwendo wa saa moja tu kwa gari kuelekea kaskazini, hupata zaidi ya 200. Tofauti hiyo inaletwa na ziwa. Upepo mkavu na baridi kutoka kaskazini-magharibi unapovuka Ghuba ya Georgian ya ziwa hilo, maji ambayo bado yana joto la kiangazi huupa mvuke. Ukifika nchi kavu na kupanda ardhi iliyoinuka, mvuke huo huganda na kumwagika kama theluji. Mawingu yake hujipanga katika mikanda myembamba, kiasi kwamba kijiji kimoja hufukiwa huku cha jirani kikiota jua. Ziwa likishaganda, mvuke unakatika na mikanda nayo inakwisha. Thornhill kwa kawaida iko nje ya njia ya mikanda hiyo, kwa hiyo inategemea dhoruba zinazosafiri kutoka mbali.

Nazo dhoruba hizo ni za aina mbili hasa. Zile zinazotoka Alberta hupita haraka na kuacha theluji kidogo, kavu, nyepesi. Zile zinazozaliwa karibu na Colorado hubeba unyevu mwingi kutoka kusini, na ndizo zinazowatesa watabiri, maana mpaka kati ya mvua na theluji mara nyingi huangukia juu ya Toronto penyewe. Upepo ukitoka Ziwa Ontario, ambalo ni nadra kuganda lote, mitaa ya katikati ya jiji hulowa mvua. Thornhill, iliyo takriban mita 100 juu ya usawa wa ziwa na mbali na ufuko, inaweza kuwa nyeupe saa hiyohiyo.

Je, wajua kwamba milimita 1 ya maji huhesabiwa kuwa sentimita 1 ya theluji? Hiyo ni kanuni ya haraka tu. Theluji kavu ya siku ya baridi kali hufika sentimita 2 kwa maji yaleyale, na ile ya majimaji nusu sentimita. Mtabiri anaweza kupatia kiasi cha maji na bado akakosea kimo cha theluji mlangoni kwako.

Je, wajua kwamba rada ya hali ya hewa inayolinda eneo hili iko King City, kaskazini kidogo mwa Thornhill? Hutuma mawimbi ya aina mbili, ya kulala na ya kusimama. Kwa kulinganisha mwangwi wake, wataalamu hutambua kama kinachoanguka ni matone, chembe za barafu au theluji.

Sasa kiini cha mambo. Je, wajua kwamba kilima kidogo cha Ontario kinaishi zaidi kwa usiku mkavu wenye baridi kuliko kwa wingu? Sehemu kubwa ya theluji yake hutengenezwa kwa mizinga. Mwaka 1950, huko Connecticut, Marekani, Wayne Pierce na wenzake Art Hunt na Dave Richey walichanganya maji na hewa iliyoshindiliwa, wakayapuliza hewani usiku wa baridi, yakaanguka yakiwa theluji. Mizinga ya leo imetokana na wazo hilo. Lakini mwendeshaji haangalii joto la kawaida peke yake. Anaangalia kipimajoto kilichofungwa kitambaa kilicholowa maji, kwa sababu tone linalorushwa hewani hupoteza sehemu yake kwa mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Ni jambo lilelile linalofanya maji ya mtungi wa udongo yawe baridi mchana wa jua kali. Mizinga huanza kufanya kazi vizuri pale kipimajoto hicho kinaposoma karibu nyuzi 2.5 chini ya sifuri. Hewa ya nyuzi 0 yenye unyevu wa asilimia 30 inakisomesha karibu 4 chini ya sifuri, na kazi inaanza. Hewa ya nyuzi 1 chini ya sifuri iliyojaa ukungu haikifikishi hata 2, na mizinga inakaa kimya ingawa nje kunaonekana baridi zaidi. Ukijua hilo tu, utausoma utabiri kwa macho mapya: safu ya unyevu ina uzito sawa na safu ya joto.

Je, wajua kwamba maji safi hayalazimiki kuganda yanapofika sifuri? Kitone kidogo kisicho na uchafu kinaweza kubaki majimaji hadi karibu nyuzi 38 chini ya sifuri. Kinahitaji chembe ya kushikia, kama vumbi. Baadhi ya viwanja huongeza kwenye maji protini ya bakteria aitwaye Pseudomonas syringae, yule anayeharibu mimea kwa kuigandisha. Protini yake huanzisha barafu mapema.

Theluji ya mizinga haina maua yenye ncha sita. Ni punje ndogo za mviringo zinazobanana, nzito mara kadhaa kuliko theluji mpya ya mbinguni, na kwa sababu hiyo inastahimili mvua ya Januari. Mvua hiyo huja karibu kila mwaka. Baada yake baridi hurudi usiku na mteremko huwa kioo, mpaka mashine yenye minyororo ipite kuusaga na kuuchana mistari. Ripoti ya asubuhi ikisema mteremko umesagwa na mashine, elewa kwamba huenda jana yake kulikuwa na barafu.

Theluji ya mbinguni nayo ikizidi haisaidii. Tarehe 11 Desemba 1944 Toronto ilipata sentimita 48 za theluji kwa siku moja, na watu 21 walikufa. Januari 1999 theluji ilirundikana hadi meya Mel Lastman akaita jeshi lisaidie. Siku kama hizo theluji ni tele, ila hakuna barabara ya kukufikisha kilimani.

Je, wajua kwamba kipimo cha baridi ya upepo kinachotangazwa Kanada tangu 2001 kilijaribiwa hukuhuku, kwenye taasisi ya utafiti ya jeshi Downsview, kusini tu mwa Thornhill? Watu 12 wa kujitolea, wanawake na wanaume, walitembea juu ya mashine ya mazoezi ndani ya handaki la upepo wakiwa na vipimajoto vilivyobandikwa usoni. Kipimo hicho hutangazwa kama namba tu, bila kutaja nyuzi, kwa kuwa kinaeleza jinsi ngozi inavyohisi. Kikifika 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Anayeketi kwenye kiti cha lifti hajongei na upepo unampiga usoni. Mfunike mtoto mashavu na masikio kabla hajaomba.

Je, wajua kwamba Mkenya Philip Boit alikuwa wa mwisho, nafasi ya 92, katika mbio za kilomita 10 za skii kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998? Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimsubiri mwishoni amkumbatie, na Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Mwaka 2018 huko Pyeongchang, Sabrina Simader aliiwakilisha Kenya katika skii za mteremkoni, na Shannon Abeda, mzaliwa wa Fort McMurray, Kanada, aliiwakilisha Eritrea, nchi ya wazazi wake.

Na hili la mwisho ni la mfuko wako. Wanauchumi Jonathan Zinman na Eric Zitzewitz wa Chuo cha Dartmouth walilinganisha ripoti za viwanja vya skii na takwimu za hali ya hewa, wakakuta viwanja vinaripoti theluji mpya zaidi kwa asilimia 23 siku za mwisho wa wiki, ingawa mbingu hazijui Jumamosi. Udanganyifu ulipungua pale wateja walipopata programu ya simu ya kuandika papo hapo walichokikuta. Kwa hiyo kabla hujawapakia watoto garini Jumamosi asubuhi, tafuta joto na unyevu wa usiku wa Alhamisi na Ijumaa, kisha angalia picha za walioteremka jana.