Kunuka na kunukia



Mwaka nilipotimiza miaka 25 ya upadre, waumini walinizawadia vitu vingi: mbuzi wawili, mashuka, kanzu nyeupe iliyodariziwa vizuri na chupa nne za manukato. Mbuzi niliwaelewa. Manukato yalinishangaza. Nimekulia milimani Usambara, katika nyumba iliyokuwa na harufu ya moshi wa kuni na sabuni ya mche. Seminarini mambo hayakubadilika sana. Gambera wetu alikuwa akisema kwamba mseminari anatakiwa awe msafi, basi. Akinukia zaidi ya hapo, aulizwe anakwenda wapi.

Nilizipanga chupa zile mezani, nikaamua kutumia kila moja kwa juma zima. Leo ni Jumapili ya Matawi, na kesho, Jumatatu Kuu, Injili inatupeleka Bethania, kwenye nyumba iliyojaa harufu ya marhamu. Nimeona niwasimulie yaliyonipata, kwa sababu manukato yale yalinihubiria kabla mimi sijawahubiria watu.

Chupa ya kwanza ilikuwa kolonya, ile inayobeba jina la mji wa Köln, Ujerumani, ambao kanisa kuu lake hutunza masalia yanayoheshimiwa kuwa ya Mamajusi. Ilinukia limau na ganda la chungwa lililomenywa sasa hivi. Nilipojipaka alfajiri nilijiona kijana. Lakini wimbo wa mwanzo ulipokwisha, nayo ilikuwa imekwisha. Wajuzi wa manukato wanatuambia kwamba harufu hupanda kwa tabaka: zile nyepesi za malimau hupeperuka kwanza pamoja na spiriti, maua hufuata, na mwisho hubaki miti na utomvu. Nikawakumbuka Wakristo wa aina hiyo, wenye moto mkubwa siku ya semina, ambao Jumapili ya pili huwaoni.

Ya pili ililetwa na jirani yangu Mwislamu, muuza vitambaa hapa mtaani kwetu Pwani. Yalikuwa mafuta ya udi, chupa ndogo kama kidole. “Tone moja nyuma ya sikio, Padre,” alinionya, “usizidishe.” Nilizidisha. Kanzu ilifuliwa mara mbili na bado ilinukia. Udi ulinifanya nitembee polepole, kama mtu mwenye cheo ambacho hajapewa. Baadaye jirani alinieleza jambo ambalo sijalisahau. Mti wa udi ukiwa mzima hauna harufu ile. Ni mpaka ujeruhiwe na kuingiwa na kuvu ndipo utoe utomvu mweusi, na hapo ndipo penye thamani. Ubani nao hupatikana kwa kuuchanja mti gome. Kwa hiyo vitu tunavyovifukiza mbele ya Mungu, vingi vimetoka kwenye vidonda.

Ya tatu ilitoka Ufaransa, zawadi ya familia yenye uwezo. Chupa yake ilikuwa nzito kama jiwe, na harufu yake ya asmini na msandali ilikaa kutwa nzima. Hiyo ndiyo iliyonishika. Watu walisema, “Padre, leo umependeza,” nami nikaanza kuyasubiri maneno hayo. Tena nikagundua kwamba baada ya muda mfupi mwenyewe siisikii, basi naongeza. Hivyo ndivyo pua ilivyoumbwa: harufu ikikaa nayo inaacha kuitangaza, ili iwe huru kupokea nyingine mpya. Kwa hiyo mwenye kunukia ndiye wa mwisho kujua amezidisha kiasi gani, na mwenye kunuka ndiye wa mwisho kujua kwamba ananuka. Nimekaa kitubioni miaka mingi na naweza kushuhudia kwamba dhambi nayo ina tabia hiyohiyo. Iliyotuzoea hatuisikii tena.

Ya nne ilikuwa pafyumu ya bei rahisi kutoka stendi, iliyonunuliwa kwa sarafu za watoto wa Utoto Mtakatifu. Ilinukia spiriti na pipi ya mnanaa. Niliiweka kwenye droo nikarudi kwenye ile ya Ufaransa.

Sasa nifike pale ninapoona aibu kufika.

Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi huwapelekea wagonjwa Ekaristi. Miongoni mwao alikuwa mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika mashamba ya mkonge. Kisukari kilimletea kidonda mguuni ambacho hakikupona. Alilala katika chumba kimoja chenye dirisha dogo, na siku za joto harufu ya kile kidonda ilikulaki mlangoni. Zamani nilikuwa nakaa naye. Baada ya Komunyo ananisimulia habari za mkonge na manamba, tunacheka, nakunywa chai ya mkwewe. Nilipopata manukato yale, nilianza kuinyunyizia leso yangu kabla ya kwenda kwake. Nilijipangusa jasho, na nikijipangusa niliiacha leso ikae puani kidogo. Sala zilifupika. Chai niliikataa kwa kusingizia wagonjwa wengine wananisubiri.

Mwezi wa tatu au wa nne wa mchezo huo, nikiwa nimeshasimama kuaga, mzee aliniambia kwa upole kabisa: “Padre, siku hizi unanukia vizuri, lakini hukai.”

Nilitafuta jibu sikulipata. Nilikaa. Leso niliitia mfukoni. Kwa dakika chache harufu ya chumba ilinizidi nguvu, kisha pua ikafanya kazi yake, ikaizoea, na kilichobaki mbele yangu kilikuwa uso wa mzee wangu. Nikamwomba msamaha. Akacheka, akauliza, “Hiyo chupa yenyewe iko wapi? Ungeniletea na mimi ninukie.”

Kiswahili chetu kina hekima hapa. Kati ya kunuka na kunukia kuna herufi moja tu, nayo ni ile tunayoitia tunapotenda jambo kwa ajili ya mwingine: pika, pikia, lipa, lipia, imba, imbia. Ukilitazama neno kwa jicho hilo, kunukia ni harufu unayokuwa nayo kwa ajili ya mwenzako. Mimi nilikuwa nimejipaka kwa ajili yangu, ili nisimsikie yeye. Kwa kipimo hicho, pamoja na asmini yote ya Ufaransa, aliyekuwa ananuka mle chumbani ni mimi.

Tuirudie Injili ya kesho, Yohane sura ya 12. Mariamu anachukua ratli ya nardo safi, mafuta ya mmea unaoota katika milima ya Himalaya, anaipaka miguu ya Yesu na kuipangusa kwa nywele zake. Yuda anapiga hesabu: dinari 300. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo ni karibu mshahara wa mwaka. Lakini mtazame aliyeketi mezani pamoja na Yesu. Ni Lazaro. Sura moja tu nyuma, Marta alikuwa ameonya kaburini kwamba ndugu yao ameshanuka, maana ni siku ya nne. Bwana hakuagiza manukato ya kuifunika harufu ile. Aliagiza jiwe liondolewe. Familia iliyokubali jiwe liondolewe ndiyo iliyokuja kuijaza nyumba harufu nzuri, na Mariamu hakubaki na chupa kwa ajili yake mwenyewe.

Mwezi uliofuata nilimpelekea mzee ile chupa nzito. Mkwewe alikuwa amemwosha na kumbadilishia bandeji. Nilimpaka kichwani na mikononi, nikanyunyiza kwenye mto. Alifumba macho akasema, “Kumbe ndivyo matajiri wanavyolala.” Alifariki kabla ya Krismasi. Waliomwosha walitumia kilichobaki, na siku ile ya mazishi nilifahamu kwa nini Yesu aliwaambia wamwache Mariamu, akataja maziko yake.

Juma hili, Alhamisi Kuu au siku iliyo jirani nayo kadiri ya utaratibu wa jimbo, Askofu ataweka wakfu mafuta ya Krisma. Atachanganya mafuta ya zeituni na balsamu, hivyo Krisma hunukia. Ulipakwa hayo utosini ulipobatizwa, na kwenye paji la uso ulipoimarishwa. Mimi nilipakwa mikononi siku ya upadrisho, mikono hiyohiyo niliyoitumia kushikia leso. Ilikuwa katika Misa ya namna hiyo, mwaka 2013, Papa Fransisko alipotutaka mapadre tuwe wachungaji wenye harufu ya kondoo. Nilipoyasikia mara ya kwanza niliyapenda kama maneno mazuri. Ilibidi mzee wa mkonge anifafanulie.

Sisemi mtupe manukato yenu. Jipakeni, mje kanisani mmependeza. Bwana mwenyewe alisema hata anayefunga ajipake mafuta kichwani. Lakini Juma Kuu hili jiulize: kuna chumba gani ambacho siku hizi unapita haraka? Pengine ni wodini kwa shangazi, au kwa baba mkwe asiyeweza tena kujizuia haja, au kwa rafiki anayerudi usiku ananuka pombe na anaona haya kukutazama. Nenda. Kaa kitako. Chai ikiletwa, inywe.

Na ile chupa ya watoto? Niliitoa kwenye droo. Hujipulizia Jumapili, kabla ya Misa ya watoto. Wanakuja mlangoni pa sakristia, wananusa, wanakonyezana, wanakimbia kwenda kukaa kwenye viti vyao. Mimi mwenyewe siisikii, lakini wao wanaisikia.

Nawatakia Juma Kuu lenye neema.