Joto, Mafuriko na Dawa Zisizoponya

Mkulima wa Suna, ng'ombe wako akiugua, wewe hufanya nini? Wengi hukimbia dukani mjini Migori, wakanunua chupa ya tetrasaiklini, wakamchoma ng'ombe sindano moja. Akisimama na kula majani, chupa huwekwa juu ya boriti, chini ya bati. Akiugua tena, dawa ile ile haimsaidii. Utadhani umeuziwa maji. Huenda sivyo. Yafaa ujue sababu.

Magonjwa mengi huletwa na vijidudu viitwavyo bakteria, ambavyo havionekani kwa macho. Kati ya maelfu ya vijidudu hivyo huwamo vichache ambavyo dawa haiviui upesi. Ukitoa dawa kidogo tu, vilivyo dhaifu hufa, na vilivyo vikali hubaki na kuzaana. Tena, kijidudu kimoja chaweza kumpa mwenziwe nguvu ile ya kushinda dawa, hata kama si wa aina moja. Hali hii huitwa usugu. Hatari yake si kwa mifugo tu. Imekadiriwa ya kwamba mwaka 2019 watu wapatao 1,270,000 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria wenye usugu.

Siku hizi hali ya hewa inabadilika, na jambo hilo lazidisha taabu. Bakteria wengi huzaana upesi penye joto. Mwaka 2018 wataalamu huko Marekani walionyesha ya kuwa sehemu zenye joto zaidi zilikuwa na usugu mwingi zaidi, ingawa hilo peke yake halithibitishi kwamba joto ndilo chanzo.

Tena kuna mafuriko. Mto Kuja ulifurika huko Nyatike mwaka 2020, na tena mwaka 2024. Maji ya namna hiyo huzoa samadi ya maboma na uchafu wa vyoo, yakautia visimani. Hivyo kijidudu kilichozoea dawa katika boma la jirani chaweza kumfikia mtoto wako katika kikombe cha maji.

Ukungu nao una usugu wake. Baadhi ya dawa za ukungu zinazopuliziwa mimea ni jamaa moja na dawa ambazo hospitali hutibu watu wenye ukungu wa mapafu. Mwaka 2014 wataalamu walitangaza kwamba katika udongo wa Tanzania, jirani zetu, wamepata ukungu wa Aspergillus fumigatus usiosikia dawa hizo.

Basi, ufanye nini?

1. Usichome sindano kwa kubahatisha. Ndigana kali ina dawa yake maalum. Kideri cha kuku huletwa na virusi, na tetrasaiklini haikiponyi; kinga yake ni chanjo. Mwite daktari wa mifugo kwanza.

2. Toa dawa kwa kadiri ya uzito wa mnyama, na umalize siku zote ulizoambiwa, hata kama amekwisha simama.

3. Weka dawa mahali penye kivuli na ubaridi, kama karatasi yake inavyosema. Dawa iliyokaa chini ya bati la moto hupungua nguvu.

4. Usinywe wala kuuza maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zimepita.

5. Lundika samadi mbali na kisima, upande wa chini yake. Choo pia kiwe hivyo. Chemsha maji ya kunywa, hasa baada ya mvua kubwa.

6. Ogesha ng'ombe ili kuua kupe, na uchanje mifugo kwa wakati. Mnyama asiyeugua hahitaji dawa.

7. Pulizia dawa ya ukungu pale tu inapohitajika, kwa kipimo kilichoandikwa. Muulize Bwana Shamba namna ya kubadilisha aina za dawa.

Mambo haya hayamfai mtu mmoja peke yake. Katika skimu mashamba yetu yamepakana, na maji ya juu hushuka kwa aliye chini. Ukitumia dawa ovyo, jirani naye hupata hasara.

Panga likikatia mawe kila siku, siku ya kukata mti halikati. Dawa nayo ni vivyo hivyo. Itunze, ili siku mtoto au ng'ombe wako atakapoihitaji kweli, imponye.