Maumivu ya goti: Sindano huleta afueni, haileti goti jipya

MTU anayeugua goti huianza siku kwa hesabu. Kabla ya kuinuka kitandani hujiuliza atashika wapi, na kabla ya kupanda matatu hutafuta pa kujishikilia. Aendapo kuswali au kusali, kupiga magoti huwa ni adhabu. Kwa wengi waliotimiza miaka 50 na zaidi, chanzo cha mateso haya ni osteoathraitisi, maradhi ya kulika kwa viungo.

Goti lenye afya lina gegedu, tabaka laini na telezi linalofunika ncha za mifupa ili isisuguane. Maradhi haya yaingiapo, gegedu hupungua polepole, utando wa ndani ya kiungo hufura na kingo za mifupa huota vijipembe. Umri, uzani mkubwa, majeraha ya zamani, kurithi na kazi za kuchuchumaa au kubeba mizigo kwa miaka mingi ni miongoni mwa mambo yanayoyachochea.

Hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kurejesha gegedu iliyokwisha kulika. Upasuaji wa kuweka goti bandia huwafaa wengi ambao goti lao limeharibika kabisa, lakini ni operesheni kubwa, ya gharama, na inayohitaji miezi ya kupata nafuu. Ndiposa wagonjwa wengi huvutiwa na matibabu ya sindano au tundu dogo, ambapo mtu hurejea nyumbani siku iyo hiyo. Kabla ya jamaa kuchanga fedha au kuuza mfugo, ni vyema wajue hasa wananunua nini.

Matibabu yanayofahamika zaidi ni sindano ya steroidi inayodungwa ndani ya goti ili kutuliza uvimbe. Mara nyingi huleta nafuu ya haraka, lakini hudumu kwa majuma machache tu. Aidha, sindano hii yaweza kupandisha sukari ya damu kwa siku kadhaa, jambo ambalo mwenye kisukari anapaswa kulijua mapema. Utafiti uliochapishwa Marekani mnamo 2017 ulionyesha kuwa wagonjwa waliodungwa kila baada ya miezi mitatu kwa muda wa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi kuliko waliodungwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakupungua zaidi.

Sindano ya pili ni ya asidi ya hayaluroniki, inayofanana na ute wa asili wa kiungo. Wengine huiita sindano ya kutia goti mafuta. Tafiti nyingi zilipojumuishwa mwaka wa 2022, ilibainika kuwa nafuu yake ni ndogo mno ikilinganishwa na sindano isiyo na dawa.

Ya tatu hutokana na damu ya mgonjwa mwenyewe. Damu hutolewa, ikazungushwa kwa mashine ili kupata sehemu yenye chembe nyingi za kugandisha damu, kisha sehemu hiyo ikadungwa gotini. Baadhi ya tafiti ndogo ziliisifu. Hata hivyo, utafiti wa Australia wa mwaka wa 2021, uliohusisha watu 288, haukuona tofauti ya maana kati yake na maji ya chumvi, si katika maumivu wala katika gegedu.

Njia nyingine ni kuzichoma kwa joto la mawimbi ya redio neva ndogo zinazopeleka habari za maumivu kutoka gotini hadi kwenye ubongo. Kwanza daktari hujaribu kwa kuzitia ganzi. Maumivu yakipungua, ndipo huzichoma. Wanaofaidika hupata nafuu ya miezi sita hadi mwaka mmoja hivi, kisha neva huota tena. Huwafaa hasa wale ambao hali yao ya afya haiwaruhusu kufanyiwa upasuaji. Hata hivyo, goti lenyewe hubaki lilivyo.

Kuna pia upasuaji wa kuingiza kamera ndogo gotini ili kuosha na kusafisha kiungo. Mnamo 2002 madaktari wa Houston, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio la wagonjwa 180. Baadhi walisafishwa goti, wengine wakaoshwa tu, na kundi la tatu likachanjwa ngozi pasipo kufanyiwa lolote ndani. Katika miaka miwili ya ufuatiliaji, hakuna kundi lililopata nafuu kuliko lile lililochanjwa ngozi tu. Tangu hapo miongozo mingi ya kitabibu haipendekezi upasuaji huo kwa goti lililolika.

Tiba isiyo na mvuto wa sindano ndiyo iliyothibitishwa zaidi: mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, na kupunguza uzani kwa walio wanene. Utafiti wa 2005 ulionyesha kuwa kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Nao utafiti wa 2020 uliolinganisha wagonjwa 156 ulibaini kuwa, baada ya mwaka mmoja, waliofanyiwa fiziotherapia walikuwa na maumivu machache na wepesi zaidi kuliko waliodungwa steroidi.

Haya hayamaanishi kuwa sindano haina kazi. Mgonjwa asiyeweza hata kukunja goti kwa uchungu aweza kuhitaji nafuu ya muda ili aweze kuanza mazoezi. Kosa ni kuipokea nafuu hiyo kama uponyaji, kisha kurudi kitini hadi iishe.

Kwa hivyo, anayeshauriwa kudungwa ana haki ya kumwuliza daktari maswali manne: Nafuu itadumu kwa muda gani? Kuna madhara gani? Itagharimu kiasi gani ikirudiwa? Na je, mazoezi yamejaribiwa kikamilifu? Goti likifura ghafla, likiwa moto na kuambatana na homa, lisisubiri maswali. Huenda ni maambukizi, na mgonjwa anafaa kufikishwa hospitalini mara moja.