Maji ya Kisima Si Maji ya Betri

Mkulima wa Yamumbi, mvua za Machi zikikaribia, trekta isiyowaka ni hasara: jirani apanda, wewe wangoja. Huenda kosa likawa ni maji uliyotia katika betri.

Betri ikichajiwa hupoteza maji, lakini asidi hubaki ndani. Kwa hiyo usiongeze asidi. Ongeza maji tu. Je, maji gani? Ya kisima, ya mto na ya mfereji yana chumvi na chuma, navyo huharibu mabamba ya risasi. Kuyachemsha hakusaidii: mvuke huenda zake, chumvi hubaki sufuriani. Mvuke huo ukikusanywa na kupozwa, hayo ndiyo maji yafaayo. Madukani Eldoret huitwa maji ya betri. Soma kibandiko, usije ukauziwa asidi. Maji ya mvua yaliyopita juu ya mabati hayafai.

Chaji kwanza, kisha jaza mpaka kwenye alama. Mabamba yakiwa wazi, yafunike kidogo kabla ya kuchaji. Betri ya sola yenye vifuniko vya kufungua ni vivyo hivyo.

Usiwashe kiberiti karibu. Hewa itokayo hulipuka. Asidi ikikurukia, jioshe upesi kwa maji mengi. Hapo maji ya kisima yafaa sana.