Linux mbili katika kompyuta moja

Juma lililopita, baada ya kipindi, vijana wawili walinisimamisha nje ya studio na kuniuliza: je, yawezekana kuweka Linux mbili katika kompyuta moja bila moja kuimeza nyingine? Niliwajibu kwamba yawezekana, na kwamba mimi mwenyewe ninazo mbili. Sikuwaeleza gharama niliyolipa. Leo, ndugu msikilizaji, nitaieleza.

Kwanza tuelewane juu ya majina. Linux yenyewe ni kiini tu, alichoanza kukiandika Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland. Kiini peke yake hakimfai mtu wa kawaida, kama vile injini ya basi isiyo na bodi isivyoweza kukufikisha Kariakoo. Kwa hiyo watu hukichukua kiini hicho, wakakiwekea programu za kuandikia, za kusikilizia na nyinginezo, kisha wakautoa mkusanyiko wote kwa jina lao. Mkusanyiko huo ndio mafundi huuita distro. Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Ubuntu, iliyotoka mwaka 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilijengwa juu ya Debian. Linux Mint nayo, iliyoanza mwaka 2006, ikajengwa juu ya Ubuntu. Ni bibi, mama na mjukuu, na zote hutolewa bure. Wengi walianza kuziulizia baada ya Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipofunga huduma ya kawaida ya Windows 10, kwa kuwa kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11.

Mbili za nini? Kwangu Mint ni ya kazi na Debian ni ya kujifunzia. Nikiivuruga ya kujifunzia, nawasha ya kazi, naendelea, na jioni naitumia hiyo hiyo kumtibu mwenzake.

Sasa gharama. Katika diski ya kompyuta yangu nilikuwa na mahojiano 14 ya wazee waliofanya kazi bandarini na kwenye reli, na wawili kati yao walikuwa wamekwisha kufariki. Nilipokuwa naiweka Debian, skrini ilinionyesha vipande vya diski kwa majina yasiyo na maana kwangu: sda2, sda3, sda4. Nikadhani ninachokijua ndicho hicho, nikakitia alama ya kufutwa, nikabonyeza endelea. Kumbe ndicho kilichokuwa na sauti za wazee. Fundi mmoja, kwa programu iitwayo PhotoRec, alinirudishia mahojiano 9, tena bila majina, kwa sababu programu hiyo huokota faili lakini jina lake la asili hailipati. Ilinibidi kukaa usiku baada ya usiku nikisikiliza ili nijue nani ni nani. Mmoja wa wale wawili hakurudi.

Kwa hiyo kabla ya yote nakili mali yako kwenye diski ya nje, kisha ichomoe na kuiweka kabatini. Usiiache imechomekwa, maana nayo itatokea kwenye orodha ile ile ya vipande.

Diski igawe kama nyumba ya vyumba. Uwakie kwenye flashi yenye Linux, kwa sababu chumba ambacho mfumo unakitumia hakiwezi kupunguzwa ukiwa ndani yake. Programu ya GParted ndiyo hutumika kugawa. Katika diski ya GB 500 mimi nimeipa kila distro GB 40 na kilichobaki chote ni ghala la mali yangu. Kila chumba kipe jina kabla hujatoka humo. Lebo ya neno moja, MINT, DEBIAN, GHALA, ingeniokolea yule mzee. Wengine hupenda distro zote mbili zitumie chumba kimoja cha nyumbani kwa mtumiaji. Mimi siwashauri. Humo hufichwa mafaili ya mipangilio, na matoleo tofauti ya programu moja hugombana juu yake.

Distro ya kwanza haina taabu. Ya pili ndiyo yenye mtego, kwani itakuuliza kama itumie diski yote. Kataa, chagua njia ya kugawa kwa mkono, na ukitie alama ya kufutwa chumba chake peke yake. Kile kidogo cha EFI, ambamo kompyuta husoma maelekezo ya kuwaka, distro zote mbili hukitumia, basi kisifutwe. Hata chumba cha swap ukikiacha kifutwe upya kitabadilika utambulisho, na distro ya kwanza itakaa ikikingoja hadi sekunde 90 kila unapoiwasha.

Mlangoni hukaa bawabu aitwaye GRUB, anayekuuliza uingie wapi. Distro iliyowekwa mwisho ndiyo kwa kawaida huleta bawabu wake akashika mlango. Hapa wanaoanza hushtuka: wanawasha, wanaona distro moja tu, wanalia kwamba nyingine imefutika. Haijafutika. Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB kwa kawaida yake haitafuti mifumo mingine mpaka iambiwe. Mstari wa kuiambia singeweza kuusoma redioni ukaeleweka, lakini gazetini unakaa vizuri. Katika faili /etc/default/grub andika:

GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false

Kisha, kwa mamlaka ya msimamizi, toa amri ya update-grub. Hakikisha programu ya os-prober imo, maana ndiyo hutumwa kupita chumba hadi chumba.

Jambo hili haliishi siku ya kwanza. Kila distro isiyoshika mlango inapopata kiini kipya, bawabu hana habari; ataendelea kukupeleka kwenye kiini cha zamani, na siku kikifutwa atakupeleka pasipo na kitu. Mimi kila Jumamosi, nikishaisasisha Mint, huiwasha Debian na kutoa ile amri tena. Huchukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.