Kuwasomesha Wanafunzi Asili ya Vita vya Maji Maji

Mwalimu wa taarikhi asomeshaye Kiongoroni, au penginepo katika delta ya Rufiji, hana haja ya kwenda mbali kutafuta mifano ya Vita vya Maji Maji, kwa kuwa Mohoro, alikonyongwa Kinjikitile Ngwale tarehe 4 Agosti 1905, ni jirani yake. Walakini ukaribu huo una hatari yake: habari ya mganga huyo wa Ngarambe, aliyepagawa na pepo Hongo mwaka 1904 akawagawia watu maji ya kuwakinga na risasi, ni tamu mno masikioni, hata mwanafunzi huondoka darasani akiamini kwamba maji ndiyo yaliyozusha vita.

Kwa rai yangu, kosa hilo huondolewa kwa kuzipanga tarehe ubaoni na kumwachia mwanafunzi azisome mwenyewe. Mwaka 1902 serikali ya Wadachi ilianza kuamrisha mashamba ya pamoja ya pamba, yaliyosimamiwa na maakida na majumbe, na mkulima akaondolewa kwenye mpunga na mtama wake akalime mali isiyolika, huku kiboko kikimngoja aliyechelewa. Katika wilaya ya Dar es Salaam, baada ya msimu wa kwanza, kila mtu alipimiwa senti 35, ujira uliowaudhi wengi hata wakakataa kuupokea, ilhali kodi ilidaiwa kwa rupia 3. Maji ya Ngarambe yalikuja baada ya dhuluma hiyo. Na mwishoni mwa Julai 1905, kule Nandete katika Umatumbi, kitendo cha kwanza cha vita kilikuwa kung'oa pamba. Siku chache tu baadaye Kinjikitile alinyongwa. Lau yeye ndiye asili ya vita, vingezimika pamoja naye. Navyo viliendelea hadi mwaka 1907, vikaenea hadi Mahenge na Songea.

Gavana Gustav Adolf von Götzen, katika kitabu chake cha mwaka 1909, aliwatwisha waganga sehemu kubwa ya lawama, na mwalimu anayeanza somo kwa maji, bila ya kukusudia, humrithisha mtoto utetezi wa gavana. Ushahidi wa upande wa pili upo: mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuandika maneno ya wazee waliokuwa wangali wanavikumbuka vita, nao wazee hao walizungumzia kazi za kulazimishwa, viboko na akida.

Mwanafunzi hodari atauliza, na ni wajibu ajibiwe kwa ukamilifu: mbona Wangoni, ambao hawakusumbuliwa na mashamba hayo ya pamba, nao walipigana, hata wakuu wao wengi wakanyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906? Wao walikuwa wamepokonywa mamlaka yao, na hiyo ilikuwa sababu yao. Hapo ndipo maji yanapopata mahali pake katika somo, maana watu wa kabila mbalimbali, kila mmoja akiwa na chuki yake na Mdachi, walipata kwayo kiapo kimoja.