Hatifungani za Kijani: Tuache Kuhesabu Mabilioni ya Siku ya Kwanza

Kila mauzo ya hatifungani yenye jina zuri yanapofungwa, habari huwa ni ile ile: imevuka lengo. Hatifungani ya Jasiri ya Benki ya NMB ya Tanzania, iliyotolewa mwaka 2022 ili kukopesha biashara za wanawake, ilitafuta shilingi bilioni 25 ikapata zaidi ya bilioni 74. Mwaka uliofuata, hatifungani ya Kijani ya CRDB ilitafuta bilioni 40 ikavuna bilioni 171.8, zaidi ya mara nne ya lengo. Kisha mwaka 2024 ikaja Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga, Tanga Uwasa, iliyotafuta bilioni 53.12 na kupata bilioni 54.72. Hiyo ni asilimia 103, yaani ilipita kwa ukucha. Kwa kipimo kinachopendwa kwenye kurasa za biashara, Tanga inashika mkia. Naona kipimo hicho kimekaa kichwa chini miguu juu, na tafiti za miaka ya karibuni kuhusu uwekezaji unaojali jamii na mazingira, ingawa nyingi zimefanywa Ulaya na Marekani, zinatupa sababu nzuri za kuiweka Tanga mbele.

Tafiti hizo zilianza na swali ambalo wauzaji wa mifuko ya uwekezaji hawakulipenda: mwekezaji akikataa hisa za kampuni chafu na kununua za kampuni safi, dunia inapata nini? Jonathan Berk wa Chuo Kikuu cha Stanford na Jules van Binsbergen wa Pennsylvania walipiga hesabu wakaona kwamba gharama ya mtaji kwa kampuni iliyosusiwa hubadilika kidogo mno, kiasi cha kutogusa maamuzi yake. Sababu haihitaji hisabati kubwa. Hisa unayoiuza leo New York inanunuliwa leo hiyo hiyo na mtu asiye na kinyongo nayo, na kampuni yenyewe haikuwa ikisubiri fedha zako. Samuel Hartzmark na Kelly Shue wakaenda mbali zaidi. Walionyesha kwamba kampuni inayochafua hewa, ikibanwa mtaji, huelekea kuchafua zaidi, kwa kuwa haina fedha za kubadilisha mitambo. Na kampuni ambayo tayari ni safi, kama ya bima, ikipewa mtaji wa bei nafuu haina cha maana cha kusafisha. Kwa maneno mengine, fedha nyingi za nia njema zimekuwa zikimwagwa mahali ambapo hazibadilishi kitu.

Sasa mtu atauliza, kama ni hivyo, mbona zinaendelea kumwagwa? Florian Heeb na wenzake watatu walilijaribu hilo kwa wawekezaji wazoefu. Waliwapa nafasi ya kulipia uwekezaji wenye manufaa kwa mazingira, kisha wakabadilisha ukubwa wa manufaa hayo. Wawekezaji walikuwa tayari kulipa zaidi kwa kitu kizuri, lakini hawakuongeza dau la maana pale uzuri ulipoongezeka mara nyingi. Walichokuwa wakinunua ni raha ya kufanya jema. Simlaumu mtu kwa raha hiyo, ila inafaa tujue kwamba wingi wa wanunuzi unapima hamu ya wanunuzi. Kwetu kuna sababu nyingine isiyo na kijani ndani yake: mwenye akiba Dar es Salaam au Nairobi hana mahali pengi pa kuiweka, na benki kubwa inayotoa asilimia 10.25 kwa mwaka, kama ilivyofanya CRDB, ingepata foleni hata kama hatifungani yake ingeitwa ya zambarau.

Alama za mazingira, jamii na utawala bora nazo hazituvushi. Florian Berg, Julian Kölbel na Roberto Rigobon walilinganisha alama za mashirika sita yanayopima kampuni, wakakuta kiwango cha kuafikiana kwao ni wastani wa 0.54, ambapo 1 ni kukubaliana kabisa. Zaidi ya nusu ya tofauti ilitokana na namna wanavyopima jambo lile lile. Na hata wangekubaliana, alama moja inayochanganya mambo mengi huficha yale yanayopingana. Mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, Marsabit nchini Kenya, una mitambo 365 na uwezo wa megawati 310. Kwa hewa ni safi kabisa. Mwaka 2021 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Meru ilitamka kwamba hati za ardhi ya mradi huo zilipatikana bila kufuata sheria, baada ya wenyeji wafugaji kushtaki. Wastani wa mambo hayo mawili ni namba isiyomsaidia mfugaji wala mwekezaji.

Kwa hiyo turudi kwenye swali la msingi: fedha hizi zimeleta nini ambacho bila zenyewe kisingekuwepo? Tuanze na benki. Mwishoni mwa mwaka 2022, mali za CRDB zilikuwa zimevuka shilingi trilioni 11. Bilioni 171.8 ni nyingi kwa msomaji wa kawaida, lakini hazifiki asilimia 2 ya mali hizo. Fedha haina rangi ikishaingia benki. Benki yoyote inaweza kutazama mikopo ambayo ingeitoa kwa vyovyote, ya pampu za sola au majengo yenye kutumia umeme kidogo, ikaiorodhesha chini ya hatifungani ya kijani, na shilingi zilizoachwa huru zikaenda kwingine kusikotangazwa. Hakuna aliyedanganya hapo. Kila mstari wa ripoti utakuwa wa kweli, na mkaguzi huru atatia saini bila wasiwasi. Sisemi kwamba ndivyo benki zetu zilivyofanya. Nasema ripoti ya matumizi ya fedha, kwa jinsi inavyoandikwa popote duniani, haiwezi kumwambia msomaji kama imetokea hivyo au la.

Tanga ni hadithi nyingine. Maji ya jiji hilo hutoka Mto Zigi, unaoteremka kutoka Usambara Mashariki hadi bwawa la Mabayani. Mpango ulikuwa kupandisha uzalishaji kutoka lita milioni 45 kwa siku hadi milioni 60, kwa ajili ya jiji na miji jirani ya Muheza, Pangani na Mkinga. Kwa miaka mingi mamlaka za maji nchini zimetegemea milango miwili kwa kazi za namna hiyo, bajeti ya serikali na mikopo ya wafadhili, na kwenye kila mlango kuna msururu wa miji mingine. Tanga Uwasa haikuwa na matawi, haikuwa na wateja wa amana, wala haikuwa na historia sokoni. Ilichokuwa nacho ni vitabu vya ankara: watu wanaolipa maji kila mwezi. Kuvifanya vitabu hivyo viaminike kwa mfuko wa pensheni kulihitaji maandalizi marefu na msaada wa Mfuko wa Maendeleo ya Mitaji wa Umoja wa Mataifa. Mauzo yalipoishia asilimia 103, maana yake ni kwamba soko liliulizwa swali gumu, likafikiri, likakubali. Wanunuzi wasiohitaji kushawishiwa wangeweza kupatikana kwa mkopaji ambaye hakuhitaji kusaidiwa.

Bei ya kukubalika huko haikuwa ndogo: asilimia 13.5 kwa mwaka, kwa miaka 10. Hapa ndipo watu wa maendeleo huanza kukunja uso, na wana haki. Kwa bilioni 53.12, riba peke yake ni zaidi ya shilingi bilioni 7 kwa mwaka. Tukiigawa kwa lita milioni 15 za ziada kila siku, inafika takriban shilingi 1,310 kwa uniti moja ya lita 1,000, au shilingi 26 kwa ndoo ya lita 20, kabla ya kurudisha hata senti ya deni lenyewe, na kwa sharti kwamba hakuna tone linalopotea njiani. Mabomba yetu hayajafikia utakatifu huo. Mwisho wa siku anayelipa ni mteja, kwa bei ambayo EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, lazima iidhinishe, na kama deni litakuwa zito kuliko mapato, hakuna jina la kijani litakalolipunguza.

Hata hivyo, mkopo wa mfadhili wenye riba ya chini una gharama yake ambayo haionekani kwenye mkataba: mara nyingi unalipwa kwa fedha za kigeni kama dola. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300. Mwaka 2024 ilikuwa imevuka 2,600. Mamlaka inayokusanya shilingi kwa mama wa Chumbageni, Tanga, na kudaiwa dola na benki ya nje inacheza kamari ambayo haikuiomba. Deni la Tanga liko kwa shilingi, mapato yake yako kwa shilingi, na riba yake kwa sehemu kubwa inarudi kwa wenye akiba wa humu humu. Nikiwekwa kwenye mizani, nachagua riba kubwa inayojulikana. Lakini nataka ijulikane kwa kila mtu, kwa ndoo.

Kenya ilitangulia kwa mfano unaofanana, ingawa si wa maji. Mwaka 2019 kampuni ya Acorn, inayojenga hosteli za wanafunzi Nairobi, ilitafuta shilingi bilioni 5 za Kenya kwa hatifungani ya kijani ya riba ya asilimia 12.25. Ikapata bilioni 4.3, haikufikia lengo. Soko lilikuwa bado na uchungu wa benki na kampuni zilizoanguka na madeni ya wawekezaji miaka michache nyuma, na hata dhamana ya kampuni ya GuarantCo kwa nusu ya deni haikutosha kumshawishi kila mtu. Dhamana hiyo, hata hivyo, ndiyo iliyoipa hatifungani alama ya B1 ya uwezo wa kulipa deni kutoka shirika la Moody's, ngazi moja juu ya serikali ya Kenya yenyewe wakati huo, na mwaka 2020 ikaorodheshwa pia London. Unaweza kubishana kuhusu ukijani wake. Majengo yalipaswa kuokoa angalau asilimia 20 ya umeme na ya maji, jambo jema, lakini mwanafunzi anayemudu chumba cha Qwetu, hosteli za Acorn, si yule wa mtaani Kahawa anayelala chumba kimoja na wenzake watano. Kwa swali letu, mfano bado unasimama: mkopaji asiyeaminika sokoni alipewa nafasi, dhamana ilielekezwa mahali palipokuwa na hofu, na majengo yapo.

Wapo watakaosema ninawaonea mabenki. Watanikumbusha utafiti wa Caroline Flammer, uliokuta kwamba kampuni zinazotoa hatifungani za kijani hupunguza utoaji wa hewa ya ukaa baada ya hapo. Nakubali matokeo hayo. Ila yeye mwenyewe anayasoma kama ishara: kampuni iliyokwisha kudhamiria kubadilika inajifunga mbele ya watu. Hiyo ni faida, na ni tofauti na kusema fedha ndizo zilizoleta mabadiliko. Watasema pia kwamba mwanamke mwenye duka Kariakoo hawezi kutoa hatifungani yake mwenyewe, lazima apitie benki. Hapo wako sahihi kabisa, na ndiyo maana silaumu mfereji, nauliza kuhusu maji yaliyopita. Mwaka 2024 CRDB ilitoa hatifungani ya miundombinu ya Samia, kwa lengo la bilioni 150, ili wakandarasi wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wapate fedha za kuendesha kazi badala ya kusimama wakisubiri malipo. Jina lake halina ukijani wowote, lakini pengo lake linaonekana kwa macho, kwenye tingatinga lililosimama. Ningependa kuona hatifungani ya kijani ya benki inayoeleza pengo lake kwa uwazi huo.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa wasimamizi wa mifuko ya pensheni. Fedha si zao, ni za wastaafu, na wajibu wao ni faida. Wana ushahidi pia: Brad Barber, Adair Morse na Ayako Yasuda walikuta mifuko ya mitaji yenye malengo ya kijamii ilipata faida pungufu kwa pointi 4.7 za asilimia kwa mwaka ikilinganishwa na ya kawaida. Lakini mifuko hiyo ilinunua sehemu za kampuni changa. Mkopo kwa mamlaka ya maji yenye wateja wasio na pengine pa kuchota ni mnyama mwingine, na riba ya asilimia 13.5 haifanani na sadaka. Kinachowazuia mara nyingi ni kazi ya kumchunguza mkopaji mgeni, ambayo kwa hatifungani ya benki kubwa humalizika asubuhi moja. Gharama hiyo ya uchunguzi ndiyo inayostahili ruzuku ya wafadhili, kuliko sherehe za kugonga kengele kwenye soko la hisa.

Tutaambiwa mwisho kwamba kisichokuwepo hakipimiki. Kwa uhakika kamili, hapana. Lakini afisa mikopo wa tawi lolote la Singida hukikaribia kila siku anapouliza: umewahi kukopa, wapi, kwa riba gani, na nikikunyima utafanyaje? Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana inaweza kuweka maswali hayo hayo kwenye waraka wa matarajio. Benki ieleze ni wateja wangapi waliopata mkopo kwa mara ya kwanza, kwa riba gani ikilinganishwa na mikopo yake mingine, na mikopo ipi ilikuwepo kabla ya hatifungani. Mamlaka ya maji ichapishe kila mwaka lita zilizozalishwa, lita zilizopotea na bei ya uniti, pembeni ya riba iliyolipwa. Haya hayahitaji sheria mpya wala shirika la kupima kutoka nje. Yanaweza kuanza na hatifungani zilizokwisha kuorodheshwa, na ya Tanga ina ripoti nyingi mbele yake, maana inaiva mwaka 2034.